Picha Ifike na Majina Yake: Jinsi ya Kusambaza Picha za Ukoo, Muziki wa Asili na Video

Miaka michache iliyopita nilitumiwa picha ya babu yangu na mtu ambaye hakujua kuwa huyo ni babu yangu. Ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya simu, mkono kwa mkono, na chini yake palikuwa na maneno mawili tu: "Enzi hizo!" Upande wa kulia ulikuwa umekatwa, na bibi aliyesimama pale hakuwepo tena. Uso wa babu ulikuwa umebaki vijiraba vijiraba kwa kubanwa kila ilipotumwa. Picha hiyo ilitoka kwetu. Mmoja wetu aliipiga kwa simu akaituma kwa mapenzi yote, bila jina, bila mwaka, na tangu hapo ikawa haina kwao.

Yote nitakayoeleza hapa yametokana na picha hiyo. Kutuma kwenyewe ni sekunde chache. Kazi iko kabla ya kutuma: kuhakikisha kwamba picha, wimbo au video inaondoka na maelezo yake, na maelezo hayo hayadondoki njiani. Nitaanza na picha, nifuate na muziki, kisha video, ambazo kazi yake ni ndogo.

Anza na mtu, skana baadaye

Wengi hukimbilia mashine. Picha iliyokaa sandukuni miaka 50 itavumilia miezi mingine sita. Anayejua majina ndiye wa kuwahiwa. Chagua picha 10 au 15, usibebe sanduku zima. Keti na mkubwa wako mchana penye mwanga mzuri, mwombe ruhusa ya kurekodi mazungumzo kwa simu, kisha mpe picha mkononi mwake mwenyewe. Kila picha itaje kwa namba kwa sauti, "Hii ni ya saba," ili utakaposikiliza baadaye ujue maneno yapi ni ya picha ipi.

Swali la "Huyu ni nani?" huchosha haraka, kwa sababu likikosa jibu linamwacha mzee ajione amesahau. Uliza vitu. Nilimwonyesha shangazi picha ya vijana watatu, sura hakuitambua hata moja. Akanirudishia. Nilipokuwa naiweka chini akasema, "Hebu lete tena." Akaisogeza dirishani, akagusa mkono wa kijana wa katikati, ambaye saa ilikuwa imemlegea hadi imeteremka kwenye kiganja. "Hii saa ni ya kaka yangu. Alimwazima huyu kwa ajili ya picha tu." Baada ya hapo jina la kijana likaja lenyewe, na la mwenzake wa kushoto likafuata. Kwa hiyo uliza nguo ni ya nani, nyumba ile ya nyuma ni ipi, nani alishika kamera, mlikuwa mnatoka wapi, na nani alipaswa kuwepo siku hiyo akakosekana. Hilo la mwisho hufungua mengi.

Unapoandika nyuma ya picha tumia penseli laini, andika polepole ukingoni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu na safi. Kalamu ya wino huvuja upande wa pili au hupakaza picha inayofuata, na ukikandamiza, maandishi hutokeza usoni.

Kuitoa kwenye albamu

Albamu zinazoniogopesha zaidi ni zile za kurasa zenye mistari ya gundi na plastiki ya kufunika juu. Gundi ile hugeuka ya manjano na kuishika picha kana kwamba imeota pale. Usivute kwa kucha. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, uupitishe taratibu kati ya picha na karatasi, ukiusogeza kulia na kushoto kama unakata sabuni. Ikigoma, iache. Ipige ikiwa hapohapo ukurasani. Picha iliyogandia bado ni picha, iliyochanika imepotea.

Shika kingo tu, maana mafuta ya vidole hubaki juu yake. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Maji, spiriti na sabuni visiiguse kabisa. Na usiipitishe kwenye mashine ya kuvalisha picha plastiki kwa joto: ikishavalishwa haivuliki.

Skana au simu

Kama una skana ya kioo, itumie. Futa kioo kwanza, kwa sababu chembe moja ya vumbi itatokea kwenye picha zote 15. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa nukta 600 kwa inchi, ambazo skana huandika 600 dpi. Utapata takriban pikseli 2400 kwa 3600, zinazotosha kuchapa upya picha iliyo kubwa maradufu. Nukta 300 zinatosha kutazama kwenye skrini na kuchapa kwa ukubwa uleule. Picha ndogo kama ya pasipoti ipandishe hadi 1200. Negativu za filamu ya milimita 35 ni ndogo sana, zinahitaji kuanzia 2400, na skana yenye taa ya kupitisha mwanga kutoka juu. Ya kawaida itakupa giza.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Ile hudhurungi ya uzee, doa la chai na wino wa mhuri ni sehemu ya habari yake. Geuza pia mgongo wa picha uuskani, kwa kuwa mara nyingi mhuri wa studio au mwandiko wa marehemu ndio ushahidi pekee wa mwaka.

Nakala hii ya kwanza ihifadhi kama TIFF, ambayo haipotezi chochote, na usiiguse tena. Hiyo ndiyo nakala mama. Ya kutuma itengeneze kutoka kwayo kama JPEG. Kila unapofungua JPEG, ukairekebisha na kuihifadhi upya, inapoteza kidogo, na baada ya mara kadhaa hasara inaonekana kwa macho.

Huna skana? Simu inafaa, ukiwa na subira. Futa lenzi. Laza picha mezani karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, zima flashi, na ushike simu juu yake sambamba kabisa, pembe zote nne zionekane na nafasi kidogo pembeni. Ukiona mng'ao, sogeza meza, usiinamishe simu. Programu ya bure ya Google iitwayo PhotoScan hupiga picha kadhaa kutoka pembe tofauti na kuziunganisha ili kuondoa mng'ao, na kwa picha zenye kung'aa inasaidia kweli.

Jina la faili, na ukanda mweupe

Faili linaloitwa IMG_4471 ni yatima. Lipe jina linaloanza na mwaka, halafu mwezi kama unajulikana, halafu tukio, halafu watu: 1974-06_harusi-ya-shangazi_bibi-babu-mjomba. Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Usipokuwa na uhakika wa mwaka, andika 197x. Kubahatisha mwaka kamili ni hatari, kwa sababu wajukuu watauamini.

Lakini jina la faili halitoshi. Programu nyingi za ujumbe hulibadilisha, na maneno uliyoandika chini ya picha huachwa na mtu wa tatu au wa nne anayeisambaza. Hata maelezo yanayofichwa ndani ya faili yenyewe mara nyingi hufutwa picha inapobanwa. Dawa niliyoipata, na ambayo ningependa kila familia iitumie, ni ukanda mweupe. Fungua nakala ya kutuma kwenye programu yoyote ya kuhariri picha, ongeza nafasi nyeupe chini, na uandike hapo, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mwaka, tukio, na nani anaitunza picha halisi. Sasa maelezo ni sehemu ya picha. Mtu anaweza kuukata ukanda, ndiyo, lakini itabidi akusudie.

Kwa walio hai, usiweke tarehe kamili ya kuzaliwa wala jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Taasisi za fedha hutumia maswali hayohayo kumtambua mteja, na matapeli wanalijua hilo. Picha za watoto, za wagonjwa na za maiti zisitoke nje ya nyumba bila idhini ya wahusika au wazazi, hata zikiwa za zamani kiasi gani.

Neno moja kuhusu programu za kupaka rangi picha za zamani na zile za kuchezesha nyuso. Mashine haijui gauni la bibi lilikuwa la rangi gani. Inakisia kutokana na mamilioni ya picha za watu wengine. Na uso ulioharibika inapoujaza, inaujaza kwa sura ambayo haikuwa yake. Mimi binafsi siitumii kwa nyuso. Ukiitumia, andika kwenye ukanda kwamba rangi zimeongezwa na mashine, na itume pamoja na picha halisi.

Kutuma bila kuivunjavunja

Kwenye WhatsApp, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa. Chaguo la HD, lililoletwa mwaka 2023, linapunguza hasara ila haliimalizi. Njia salama ni kubonyeza alama ya kuambatisha na kuchagua hati badala ya picha. Faili litafika kama lilivyo. Zikiwa nyingi, weka folda kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive na utume kiungo, lakini kabla ya kutuma tazama mpangilio wa nani anaruhusiwa. "Yeyote mwenye kiungo" maana yake ni yeyote kweli, pamoja na yule atakayetumiwa kiungo hicho na binamu yako.

Usimwage picha 200 kwa siku moja. Watu watapitisha kidole tu. Tuma tatu, na kila moja iwe na swali moja: "Huyu aliyebeba mtoto, kuna anayemkumbuka?" Ndugu waliokaa kimya kwa miaka huanza kuandika.

Muziki: kaseti za zamani

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na nyimbo nyingi za wazee wetu zimelala humo, nyingine zikiwa zimerekodiwa mara moja tu. Kwa hiyo chukulia kwamba mara ya kwanza utakapoicheza huenda ikawa ndiyo bora, au ya mwisho. Andaa kila kitu kabla ya kuicheza.

Vunja vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili isiwezekane kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazama sponji ndogo iliyo katikati mbele, inayosukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea: ikiwa imeng'oka, sauti itakuwa hafifu, na inaweza kubandikwa upya au utepe wote ukahamishiwa kwenye ganda jingine. Utepe uliolegea ukaze kwa penseli yenye pembe, iingie kwenye tundu la meno uzungushe taratibu mpaka uwe umekaa sawa. Kisha safisha kichwa cha redio kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, ukikibadilisha mpaka kitoke kisicho na rangi ya kahawia, na usubiri pakauke. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba kuliko za 60, huvutika na kujikunja kirahisi. Usizikimbize mbele na nyuma bila sababu.

Unganisha redio na kompyuta kwa waya kutoka tundu la kutolea sauti, na urekodi kwa Audacity, programu ya bure. Kusimamisha simu mbele ya spika kutakupa sauti ya chumba chako juu ya sauti ya mwimbaji. Weka 48 kHz na biti 24, faili la WAV. Hiyo ni takriban megabaiti 17 kwa dakika kwa sauti ya stirio, kwa hiyo kaseti ya saa moja itakula karibu gigabaiti moja, na inastahili. Kipimo cha sauti kwenye vilele kisivuke desibeli −6 (−6 dB). Kikigonga sifuri, sauti inapasuka na haitengenezeki.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Kikohozi, mlango unaofungwa, mtu anayesema "Anza sasa," mtoto anayelia, viache vyote. Kwenye kaseti moja ya kwetu, kati ya wimbo wa pili na wa tatu, kuna sekunde nne za mama mzazi wa babu akiuliza kama chombo kinaendelea kunasa. Sauti yake haipo popote pengine duniani. Kama aliyehamisha kaseti ile angekata "sehemu zisizo na muziki", tungeipoteza. Kusafisha mvumo na kukata nyimbo kufanyike kwenye nakala, nakala mama ibaki na makovu yake.

Muziki: kurekodi upya kwa walio hai

Hapa usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Umetengenezwa kwa ajili ya maongezi; ngoma unaibana na sauti za juu za zeze au filimbi unazifuta. Tumia programu ya kurekodi ya simu kwa ubora wa juu kabisa, na kama ina kitu cha kupunguza kelele, kizime, kwa kuwa hudhani mvumo wa ngoma ni kelele. Weka simu kwenye modi ya ndege. Isikae juu ya meza iliyo karibu na ngoma, maana meza hutetemeka. Ilaze juu ya nguo iliyokunjwa, karibu na mwimbaji, ngoma ziwe nyuma kidogo. Wapige nusu dakika ya kipande chenye kishindo zaidi, usikilize kwa visikilizio, ndipo muanze.

Kabla ya wimbo, tamka wewe au mwimbaji: jina la wimbo, nani anaimba, nani anapiga nini, kwa lugha gani, leo ni tarehe ngapi. Huo ndio ukanda mweupe wa sauti. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki na kuanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alikuwa akijaza kadi kwa rekodi zake, na ni kwa sababu ya kumbukumbu za namna hiyo kwamba baadhi ya rekodi zimeweza kurudishwa kwa jamii na familia zilikotoka. Rekodi isiyo na maelezo hairudi popote.

Wimbo ukiisha, usizime. Uliza nani alimfundisha, huimbwa lini, na swali lililo zito kuliko yote: nani anaruhusiwa kuusikia? Nyimbo nyingi za asili hazina mtunzi anayejulikana, na watu hudhani hilo linazifanya kuwa za kila mtu. Zipo za kufundia, za tiba, za kuomboleza, ambazo wenyewe hawataki zitoke. Mzee akisema "Huu uishie hapa," basi uishie hapo, hata kama ndio mzuri kuliko zote. Aliyeimba naye ana haki juu ya uimbaji wake, jambo ambalo Mkataba wa Roma wa 1961 uliliweka katika sheria za kimataifa. Mtaje jina na umwombe idhini kabla ya kupandisha mtandaoni. Nimeona wazee wakisikia sauti zao ndani ya matangazo ambayo hakuna aliyewaambia. Uchungu wao haukuwa wa pesa.

Kusambaza, tengeneza MP3 na uitume kama hati, au iunganishe na picha moja ya mwimbaji iwe video na uipandishe YouTube kwa mpangilio usioorodheshwa: haitatokea kwenye utafutaji, ataiona mwenye kiungo tu. Ongeza maneno ya wimbo kwa lugha yake, na maana yake chini. Nyimbo zilizotolewa na wasanii kwa biashara usizipandishe. Tuma kiungo cha msanii mwenyewe.

Video za mtandaoni

Itazame yote kwanza, mpaka mwisho. Ikiwa na madai mazito, piga picha ya skrini ya sehemu iliyo wazi na uitafute kwa Google Lens au TinEye, zana za kutafuta picha ilipowahi kutokea mtandaoni; mara nyingi utagundua ni ya miaka mingi nyuma na ya nchi nyingine. Mishale miwili kwenye WhatsApp inakuambia imeshapitia mikono mingi, na ndipo uangalifu unapohitajika zaidi.

Tuma kiungo cha aliyeitengeneza, usipakue na kutuma faili. Anapata watazamaji wake, na akiirekebisha au kuifuta, unachotuma kinafuata uamuzi wake. Kwenye YouTube unaweza kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye sehemu unayotaka kwa kuongeza t= na idadi ya sekunde mwishoni mwa kiungo, ikitanguliwa na ? au, kama alama hiyo tayari imo, na &. Kisha andika sentensi moja ya kwa nini: "Tazama vidole vya mpiga marimba kuanzia hapa." Kiungo kitupu hakifunguliwi. Na kwa kuwa viungo hufa, video unayoithamini iandikie pembeni jina lake, jina la chaneli na tarehe iliyopandishwa.

Baada ya kutuma

Nakala mama zikae mahali patatu: kompyuta, diski ya nje, na moja mbali na nyumbani, iwe mtandaoni au kwa ndugu. Moto na wizi havichagui chumba. Mara moja kwa mwaka zifungue uone kama zinafunguka.

Majibu yakianza kuja, yaingize kwenye faili siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyesema. Ndugu wawili wakipingana kuhusu mwaka au mtu, andika kauli zote mbili.

Ile picha ya babu niliitafuta sandukuni, nikaiskani nzima, bibi akarudi mahali pake. Nikaandika ukanda wenye majina matatu niliyoyajua, nikamtumia yule aliyenitumia na kumwomba airudishe ilikotoka. Baada ya majuma matatu ulikuja ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua: kijana aliyeshika baiskeli kushoto ni baba yake, na familia haikuwa na picha yake ya ujana hata moja. Nilimtumia nakala mama. Sasa ukanda una majina manne, na nafasi ya tano, ya mtoto aliyegeuza uso kamera ilipopiga, nimeiacha wazi.